Ukivua steelhead jimbo la Washington, chunga picha

Ndugu zangu wa Kent, Tukwila na Seattle, kabla hamjaenda mito ya Skykomish au Snoqualmie kuvua steelhead nisikilizeni, maana mimi nimelipa faini na iliniuma. Samaki mwenyewe ni trauti yule yule wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare, ila huyu huenda baharini akanenepa, halafu anarudi mtoni kuzaa.

Leseni unanunua mtandaoni, kuanzia miaka 15, na inaisha 31 Machi hata kama umeinunua Februari. Ufito wa kuvulia, nzi wa bandia wa kunasia samaki na suruali ya mpira azima kwanza.

Sasa mtego wenyewe. Mgongoni karibu na mkia ana kapezi kadogo kalaini. Kakiwa kamekatwa na kovu limepona, huyo katoka kwenye mabwawa ya kuzalishia, mto ukiruhusu unamchukua na unaandika kwenye kadi ya kurekodi samaki uliochukua hapo hapo, si ukifika nyumbani. Kapezi kakiwepo, huyo ni wa asili na lazima arudi, na HARUHUSIWI kutolewa majini mwili mzima. Hata sekunde moja. Mimi nilijua nitamwachilia, lakini binamu zangu nyumbani walinisumbua WhatsApp wiki nzima eti tutumie picha umemshika, basi nikamnyanyua mpaka kifuani, kumbe afisa wa wanyamapori yuko ng'ambo ananiangalia na darubini. Nikamwambia nilikuwa namrudisha, akasema nimeona, na karatasi akaandika.

Jamani mlioko nyumbani, tunawapenda, lakini picha zenu zinatugharimu. Samaki abaki majini, mikono iwe imelowa, kichwa kielekee mkondo unakotoka, mwenzako apige picha samaki akiwa hapo hapo. Narudia, abaki majini.

Na usijaribu habari za chai na afisa, hapo utatafuta kesi kubwa zaidi. Mwanzoni niliwaona wakali bure, lakini steelhead wa mito inayoingia Puget Sound, ile ghuba ya Seattle, wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 2007, na nimeona wazee wa huku wanasimama kwenye maji ya barafu kutwa nzima, wanapata mmoja, wanamwachilia na wanaondoka wamefurahi. Hilo nawaheshimu kabisa, sisi tulizoea mto ni wa Mungu kila mtu achukue.

Halafu asubuhi ya safari fungua tovuti ya idara ya samaki ya jimbo uangalie sheria za dharura, mto uliokuwa wazi jana unaweza kuwa umefungwa leo, na kibao pale mtoni huenda usikione.