Kuikagua Honda Fit ya umbo jipya: nenda na mama, sufuria na tochi

Yadi za Mombasa zimeanza kuingiza Honda Fit za umbo la nne, lile lililotoka Japani Februari 2020. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta gari lililopitisha miaka 8, kwa hiyo lile umbo la 2013 tulilolizoea linazidi kuishiwa na muda, na hili jipya ndilo litakaloshika nafasi yake. Watu huniuliza mimi kwa sababu niko ndani ya Fit tangu umbo la pili. Nina biashara ya kupika harusi, nina watoto, na nina mama mwenye magoti ya kulalamika. Gari kwangu si pambo. Hivi ndivyo ninavyoitazama, na ndivyo ninavyokushauri uitazame wewe siku ya kwanza, ili usirudi nyumbani na habari za rangi peke yake.

Sura ipite haraka. Ni ya mviringo, pua imezibwa, macho makubwa. Wengine husema imekosa ukali wa ile ya zamani. Mimi naiona kama mbwa mpole, na sina neno, maana nikishaingia ndani siioni tena.

Kabla ya kuingia, uliza nambari ya chesisi. Ikianza na GR1, ni ya petroli tupu, injini ya lita 1.3. Ikianza na GR3, ni haibridi ya 1.5, yaani petroli na umeme pamoja, ile iliyoandikwa e:HEV. Baada ya mabadiliko ya Oktoba 2022 injini ya petroli ikawa 1.5, kwa hiyo mwaka nao una maana. Kisha uliza daraja: Basic, Home, Ness, Luxe au Crosstar. Muuzaji atakwambia "Zote ni sawa, dada." Si sawa, na nitakuonyesha mahali zinapotengana.

Sasa keti kwenye usukani, rekebisha kiti, halafu usiguse kitu. Tazama nje tu. Hapa ndipo Honda walipofanya kazi kubwa kuliko kwingine kote. Ile nguzo ya mbele iliyo karibu na kioo wameipunguza upana kutoka milimita 116 hadi 55, na uzito wa kubeba mgongano wameuhamishia nguzo ya nyuma yake. Kwa anayeendesha mjini kwetu hili si jambo dogo. Tuktuk na boda huwa wanajificha hasa kwenye pembe hiyo unapokata kona, na hujui yupo mpaka yuko mlangoni. Muombe mtu atembee kuzunguka pua ya gari kutoka kushoto hadi kulia, umfuate kwa macho bila kusogeza kichwa. Ukishafanya hivyo, ingia katika Fit ya zamani ufanye vilevile. Ukihisi hamna tofauti, kiti chako kiko chini mno, kipandishe.

Juu ya kioo cha mbele kuna kamera moja. Ndiyo macho ya Honda Sensing, mfumo unaokuonya na kushika breki mbele kukiwa na kizuizi. Mulika kioo kwa tochi, hasa mbele ya kamera, utafute ufa au alama ya jiwe. Kioo kikibadilishwa, kamera hupaswa kupangwa upya kwa vifaa maalumu, na si kila fundi anavyo. Ile sehemu ya kukurudisha kwenye mstari wa barabara usiilipie senti ya ziada. Inataka mstari uliochorwa, na wewe unazijua barabara zetu.

Breki ya mkono hakuna, kuna kitufe. Kiinue na kukishusha mara kadhaa, usikilize kama mlio wa nyuma unafanana pande zote mbili. Jua pia kwamba betri ikifa, kitufe hicho hufa nayo, kwa hiyo nyaya za kuamshia betri zikae kwenye buti. Maandishi ya mita ni ya Kijapani. Redio ya Japani nayo huishia masafa ya chini, stesheni zetu nyingi hazitashika bila kuongezewa kifaa. Hayo ni mambo ya bei tu, yasikupotezee usingizi.

Zamu ya mama. Mwambie apande nyuma mwenyewe, bila kusaidiwa, kisha ashuke. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele tangu Fit ya kwanza ya 2001, ndiyo maana sakafu ya nyuma iko chini na magoti hupata nafasi. Wangu alipanda, akaketi, akauliza kwa nini bado tunasimama. Kwa lugha yake hiyo ni sifa.

Kisha mizigo. Viti vya nyuma vina njia mbili. Ya kwanza, migongo hulala mbele na sakafu yote ikawa moja. Sufuria kubwa za pilau huingia hapo. Ya pili ndiyo inayonifanya nisihame Fit: kikalio huinuliwa juu kikashikana na mgongo, ukabaki na nafasi ndefu kutoka sakafuni hadi darini. Ndoo za kachumbari na hotipoti husimama wima, mchuzi haumwagiki. Nenda na chombo chako halisi, usikadirie kwa macho. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Na ukiwa nyuma, inua sakafu ya buti. Nyingi zilitoka kiwandani na chupa ya dawa ya kuziba pancha badala ya tairi ya akiba, hivyo gharama ya tairi iingie kwenye mazungumzo.

Halafu piga magoti, na tochi yako, utazame chini ya bampa la mbele. Fit ya kawaida ina nafasi ya sentimita 13 na nusu tu kutoka ardhini. Anayevuka kivuko cha Likoni maji yakiwa yamekupwa anajua ninachosema: feri hukaa chini, njia ya kupandia huinama, na pua husugua zege. Mkiwa watano na vyakula vimejaa, hesabu hupungua zaidi. Crosstar ina karibu sentimita 16, na kwangu hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuongeza pesa. Anayekaa kisiwani na kufanya kazi kisiwani asijisumbue nayo.

Ukiliendesha, washa AC saa sita mchana, si asubuhi. GR1 ina nguvu farasi 98. Mjini zinatosha, lakini kupanda mlima wa Mazeras na gari limejaa utaisikia injini ikipiga kelele kuliko mwendo unaoupata. Giaboksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, isikushtue kwa mkwaruzo wala kwa kusita ukiondoka. Mafuta ya giaboksi hiyo ni HCF-2, na fundi anayetaka kukuwekea "yoyote ya otomatiki" muage. GR3 ni jambo jingine. Mota ya umeme ndiyo inayozungusha magurudumu muda mwingi, injini inazalisha umeme, na kwenye mwendo wa barabara kuu injini hushikana moja kwa moja na magurudumu. Mliosikia kwamba Fit haibridi ni balaa, mlisikia habari za ile ya 2013 yenye giaboksi ya klachi mbili, ambayo Honda waliiita irekebishwe tena na tena. Hii ya sasa haina giaboksi ile kabisa.

Mwisho, dai karatasi ya mnada ambako gari liliuzwa huko Japani, ile ya Kijapani yenye mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R linamaanisha mifupa ya gari imewahi kurekebishwa. Linganisha kilomita za karatasi na za mita. Ukiambiwa karatasi imepotea, taja bei ya gari lisilo na karatasi, ama vuka barabara uingie yadi ya pili.