Kupungua kilo 10 au 15 kunachukua muda gani kiukweli, na jinsi ya kujipangia tarehe yako

Swali ni lile lile kila siku, "jamani nataka kutoa kilo 15, harusi iko wiki sita mbele, nifanyeje?" Jibu ni kwamba haiwezekani, na sio kwamba nakukatisha tamaa, ni hesabu tu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700 hivi, zidisha mara 15 unapata 115,500, gawa kwa siku 42 ni 2,750 kwa siku. Sasa watu wengi mwili mzima, kuanzia kupumua mpaka kutembea mpaka kulala, hawachomi hata hizo 2,750 kwa siku, maana yake hata ukifunga mdomo kabisa wiki zote sita bado hufiki. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia programu ya kilo 15 kwa wiki sita ujue anakuuzia maji, na misuli yako mwenyewe juu yake.

Tuje kwenye kupanga sasa. Watu wengi hawashindwi kupungua, wanashindwa tarehe. Mtu anapungua vizuri tu kilo mbili kwa mwezi, lakini kichwani alishajiwekea nane, basi anaona kafeli anaacha, anarudi kula kama zamani na kilo zinarudi. Angejipangia mbili toka mwanzo angekuwa anashangilia.

Anza na asilimia, sio kilo. Chukua uzito wako wa leo utafute asilimia 5 yake, hiyo ndo iwe lengo la kwanza, alafu asilimia 10 iwe la pili, hayo mengine tutaongea ukifika. Mtu wa kilo 92 asilimia 5 ni kilo 4.6, inaonekana ndogo najua, lakini kiafya ndo pesa ilipo, presha na sukari vinaanza kukaa sawa hapo hapo kabla hata nguo hazijapwaya vya kutosha watu kukuuliza. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, walichukua watu ambao sukari yao imeshaanza kupanda ila bado sio kisukari, wakawapa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale waliopewa dawa ya kuigiza (kidonge kisicho na dawa ndani). Asilimia 7 tu! Hawakuambiwa warudi mwili wa miaka 18.

Ukishapata kilo zako ndo uje kwenye spidi. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na hapa watu wote wanasikia "kilo moja" ile nusu hawaisikii kabisa. Kilo moja kwa wiki ni juu kabisa, ni ya mtu mzito na ya miezi ya mwanzo. Kama una kilo 65 na unataka 60, hata nusu kilo kwa wiki ni kazi kubwa sana kwako maana mwili mdogo unachoma kidogo, ukikata kidogo tu umeshafika kwenye njaa, we jipangie robo kilo na usijifananishe na rafiki yako wa kilo 110 anayetoa nne kwa mwezi.

Alafu kosa linaloharibu mipango ya wengi ni kuchora mstari ulionyooka. Yaani mtu anasema nikikata kalori 500 kwa siku ni 3,500 kwa wiki, hiyo ni karibu nusu kilo, kwahiyo mwaka mzima ni kilo 23. Hesabu hii imetoka mbali, ilitangazwa na daktari Mmarekani Max Wishnofsky mwaka 1958, na kwa wiki za mwanzo inakaribia ukweli, ila kadri miezi inavyoenda inadanganya. Mwili ukipungua unachoma kidogo kuliko ulivyokuwa, sababu kuna mzigo mdogo wa kubeba na kuulisha, juu ya hapo njaa inaongezeka, na bila kujua unaanza kukaa sana, kupanda ngazi mara chache, hata kutikisa mguu ukiwa umekaa kunapungua. Kwahiyo zile 500 za mwezi wa kwanza mwezi wa nane zimeshapungua sana, na we unakula vile vile unajiuliza umerogwa na nani.

Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya afya ya Marekani walitoa hesabu bora zaidi, na ukiirahisisha inasema hivi: kila kalori 24 unazopunguza kwa siku, ukazipunguza moja kwa moja bila kurudisha, mwisho wa safari zinakutoa kilo moja, nusu ya safari inachukua kama mwaka, na kufika asilimia 95 inachukua kama miaka mitatu. Sasa weka namba. Umeacha vinywaji vya sukari na ukapunguza sahani kidogo, jumla kalori 240 kwa siku, utatoa kilo 10, ila tano mwaka wa kwanza na zilizobaki zinajivuta miaka miwili mbele. Ukitaka haraka zaidi lazima ukate zaidi, hamna njia ya chocho.

Tupange ya mtu mmoja tuone inavyokaa. Ana kilo 92 anataka 78, yaani 14.

Wiki mbili za kwanza anaweza kutoa kilo mbili, atafurahi sana, mwache afurahi, ila ajue sehemu kubwa ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya hiyo inashikilia gramu kama tatu za maji, ukipunguza chakula akiba inatumika na maji yanatoka nayo. Hii ndo sababu zile dayati za "kilo tatu kwa siku saba" zinaonekana zinafanya kazi, na ndo sababu ukila vizuri wikendi moja zinarudi zote. Kwahiyo wiki ya pili yuko 90. Kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 tumpe nusu kilo kwa wiki, wiki kumi kilo tano, yuko 85. Wiki ya 13 mpaka ya 26 spidi inashuka, tumpe 0.3 kwa wiki, wiki 14 ni kilo nne na kidogo, yuko 81 hivi na miezi sita imeisha. Hapo apumzike mwezi mmoja, sio kurudia ulaji wa zamani, ni kula kiasi cha kubaki pale pale 81. Alafu wiki 14 zingine kwa 0.2, ni kilo tatu kasoro kidogo na yuko 78. Jumla wiki 44, miezi kumi. Weka na homa, safari, sikukuu, mwezi wa stresi kazini, andika mwaka mmoja. Mimi ningeandika mwaka mmoja kwenye kalenda nisiangalie nyuma.

Ona pia kwamba asilimia 5 yake (87.4) kaifikia kabla ya miezi miwili, na asilimia 10 (82.8) kwenye mwezi wa tano. Hizo ndo tarehe za kuzungushia duara, ile 78 iache mbali huko.

Kupima sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndo panapowatoa watu machozi. Uzito wa mtu kwa siku moja unapanda na kushuka kilo moja hata mbili bila mafuta kuongezeka hata gramu, ni chumvi, ni chakula ambacho bado kiko tumboni, ni choo, kwa wanawake ni siku zinapokaribia, ni misuli iliyovimba baada ya mazoezi mapya. Pima kila asubuhi baada ya choo kabla ya kula, andika, usitafakari, mwisho wa wiki jumlisha ugawe kwa saba. Mfano wiki ya kwanza ni 84.6, 85.3, 84.9, 84.4, 84.7, 85.6, 85.1, wastani 84.9. Wiki ya pili 84.8, 84.3, 84.5, 85.2, 84.6, 84.1, 84.4, wastani 84.6. Kapungua gramu kama 300 na ushee, safi kabisa yuko kwenye ratiba. Sasa angalia Jumatatu zake, ya kwanza 84.6 ya pili 84.8, angekuwa anapima Jumatatu tu angesema kaongezeka, angekasirika na siku hiyo angekula kwa hasira. Data zile zile lakini majibu tofauti kabisa.

Kama kupima kila siku kunakuvuruga akili basi usipime kila siku, wengine kweli inawaharibia siku nzima, tumia futi ya fundi kiunoni mara moja kila wiki mbili, usawa ule ule, ukishatoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani.

Na hukumu usiitoe kabla ya wiki nne. Wastani wa wiki hii ulinganishe na wa wiki nne nyuma, sio jana. Kama wiki nne umeganda pale pale na kiuno nacho kimeganda, hapo ndo uzito umegoma kweli, na kwa watu wengi unagoma miezi sita hivi toka waanze, ni kawaida. Cha kwanza rudi kupima chakula wiki moja nzima kwa uaminifu, mafuta ya kupikia, vinywaji, kuonja onja jikoni, kumalizia sahani za watoto, mara nyingi zile kalori zimerudi kimya kimya bila mtu kuiba. Kama kweli hazijarudi basi mwili mpya unahitaji kidogo kuliko ule wa zamani, punguza 100 au 150 au ongeza kutembea, au kubali kupumzika hapo miezi miwili mitatu. Kupumzika sio kufeli.

Mazoezi nitapita haraka. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ni nzuri kwa moyo na zinasaidia sana kilo zisirudi, ila peke yake bila kugusa chakula zinapunguza kidogo sana, usitegemee jimu ifute sahani. Nyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki na kula protini ya kutosha, maana usipofanya hivo sehemu ya kilo zinazotoka ni misuli.

Kuna watu watasema haraka ni mbaya kwasababu kilo zinarudi zaidi. Kiukweli sio hivo. Utafiti mmoja wa Australia wa 2014 uliwagawa watu makundi mawili, wengine wapungue kwa wiki 12 wengine kwa wiki 36, na miaka kama mitatu baadae wote walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya walichopunguza, karibu sawa sawa. Kwahiyo polepole haina uchawi. Mimi naitetea kwasababu nyingine, unaweza kuishi nayo ukiwa na kazi na familia, na haraka ya kupita kiasi inaleta vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, na dayati za chini ya kalori 800 kwa siku zinatakiwa zisimamiwe na daktari, sio na video.

Hata sindano za kupunguza uzito ambazo kila mtu anaziongelea sasa hivi zina kalenda yake. Utafiti wa 2021 wa semaglutaidi, moja ya sindano hizo, watu walipungua wastani wa asilimia 15 hivi, lakini kwa wiki 68, na wiki 16 za mwanzo ni kupandisha dozi tu. Dawa kali kiasi hicho na bado ni mwaka na miezi mitatu, we unajidai unamaliza kwa mwezi na maji ya limao.

Usijipangie ratiba hii mwenyewe kama una mimba, kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari (ukipunguza chakula dozi inaweza kuwa kubwa kwako, ni hatari), kama uliwahi kuwa na shida ya kujinyima kula au kujitapisha, au kama ni mtoto. Na kama unapungua bila kujaribu, asilimia 5 imetoka ndani ya miezi sita mpaka mwaka na hujabadilisha kitu, usishangilie, nenda hospitali.

Ukifika namba yako ratiba haiishi, inabadilika. Jiwekee uzio wa kilo mbili juu ya hapo, mfano 78 uzio ni 80, endelea kupima wastani hata mara moja kwa wiki, na siku wastani (wastani, sio ile namba ya asubuhi moja) ukivuka 80 unarudi kwenye ulaji wa wiki ya tatu kwa wiki sita. Kutoa kilo mbili ni mwezi mmoja na nusu, kungoja zifike tisa ni kurudia mwaka mzima.