Mwenzako ana presha, na chumvi haimtoki mkononi

Mkono unafika kwenye kikopo cha chumvi kabla hajaonja hata tonge la kwanza. Umesema miaka ishirini, na kila ukisema anaongeza. Acha kusema mezani. Mtu mzima akikatazwa mbele ya watoto au wakwe anaona ameaibishwa, basi anainyunyiza kulinda heshima yake.

Anza na vipimo, tena vya wote wawili: "Baba Rehema, Jumamosi twende tukapime presha." Ukipimwa na wewe, haendi kama mshtakiwa. Mkipima nyumbani, akae kimya dakika 5, ameegemea, asikunje nne, mkanda wa mashine uwe juu ya ngozi na mkono usawa wa moyo. Kahawa na sigara aviache nusu saa kabla. Pimeni mara mbili, mwandike. Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, mwoneni daktari. Akibanwa kifua, akihema kwa shida au upande mmoja ukilegea, ni hospitali saa hiyohiyo, mashine iseme lolote.

Kisha hesabuni pakiti. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kwa watu wawili, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 50. Andika tarehe kwa kalamu siku ya kuifungua. Ikiisha wiki ya tatu, pakiti imewaambia bila ugomvi. Na hapo hamjahesabu mkate, ng'onda, achari, wala magadi ya kulainishia maharage.

Wengi hukosea kwa kuiondoa yote siku moja. Chakula kinakuwa chapwa, naye anaishia kwenye chipsi za barabarani. Punguza robo, kaeni wiki mbili tatu ulimi uzoee, punguza tena. Zidisha kitunguu saumu, tangawizi, bizari. Ndimu kamulia sufuria likishaipuliwa, harufu yake isipotee. Kikopo kirudi jikoni, anayekitaka ainuke.

Chumvi ya potasiamu inayouzwa kama "ya wenye presha" usinunue bila kumuuliza daktari. Kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha kama losartan, potasiamu inaweza kupanda hadi mapigo ya moyo yavurugike.

Dawa nazo huachwa presha ikishuka, na hapo ndipo inaporudi. Vidonge vikae karibu na mswaki wake, nawe uhesabu vilivyobaki kila Ijumaa, mkiwa pamoja.