HBeAg hasi isikudanganye: kusoma majibu ya homa ya ini B
Kama HBsAg (protini ya ganda la kirusi, alama ya maambukizi) imerudi chanya tena pale hospitali ya Bombo, Tanga, baada ya miezi 6, ugonjwa umekuwa sugu. HBeAg (protini ambayo kirusi hutoa kinapozaliana) ikiwa hasi, usishangilie upesi. Kirusi kilichobadilika kwenye nafasi 1762 na 1764 za jeni zake hutoa HBeAg kidogo, huku kikiendelea kuzaliana, na hatari ya saratani ya ini hupanda. Aina A ya kirusi hiki, iliyoenea huku kwetu, mara nyingi hupoteza HBeAg mapema.

Kwa hiyo omba kipimo cha wingi wa virusi pamoja na ALT (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia). Virusi vikizidi yuniti 2,000 kwa mililita, na ALT ikipita 30 (mwanamume) au 19 (mwanamke), mwongozo wa WHO wa 2024 unataka dawa ianze. Vikiwa chini, rudia vipimo kila miezi 6 hadi 12, kwa kuwa ALT hupanda na kushuka. Tenofovir (dawa ya kuzuia kirusi) usiikatize mwenyewe: virusi hufumuka upya.