Jinsi ya kutoa maji kwenye duara bila kuua watu kwa moshi wa pampu

Mvua zikikata kila mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, anawaza kitu kimoja tu, maji yatoke haraka kazi ianze, na hapo ndo watu wanapokufa. Hawafi kwa maji, wanakufa kwa moshi wa pampu ya petroli iliyoshushwa ndani ya shimo. Anaanguka mmoja, mwenzake anashuka kumtoa na yeye analala hapohapo, wa tatu hivyohivyo. Wachimbaji wenzangu wa dhahabu, uwe Geita, Kahama au Chunya, hivi vifo vinazuilika kabisa, soma mpaka mwisho tafadhali.

Kwanza elewa kwa nini watu wanashusha pampu. Ile pampu ndogo ya petroli inanyonya maji, na kunyonya kuna mwisho wake, hata iwe mpya kabisa ikikaa juu ya maji kwa zaidi ya mita 7 au 8 hivi haivuti tena, na kununua yenye injini kubwa zaidi hakusaidii. Ila ikishayapata maji inaweza kuyasukuma juu sana. Kwa hiyo mtu mwenye duara la mita 20 anaona njia rahisi ni kuifunga kamba, kuiteremsha mpaka karibu na maji, anaiegesha kwenye matimba (magogo yanayoshikilia kuta za shimo), anaiwasha halafu anapanda. Mafuta yakiisha anashuka kuongeza. Hapo ndo kwisha habari.

Injini yoyote ya petroli inatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Juu inatawanyika na upepo, ila shimoni haina pa kwenda inajikusanya tu, na ikiwa nyingi sana mtu anazimia ndani ya dakika chache bila hata kupiga kelele. Ikiwa kidogo anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, na wengi wanadhani ni malaria au uchovu. Mkianza kuumwa kichwa watu wawili watatu kwa pamoja mkiwa chini, msijadiliane, pandeni.

Na hili la mshumaa naomba tuliache. Mshumaa unazimika oksijeni ikipungua sana, lakini kaboni monoksaidi hauijui, unaweza kuwaka vizuri tu huku hewa imeshajaa sumu ya kukuua.

Njia sahihi ni pampu ya umeme ya kuzamisha majini, jenereta inabaki juu. Ni gharama ndio, lakini mkichanga maduara mawili matatu mnaweza kununua au kukodi moja mkawa mnapokezana. Jenereta ikae mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo unapeleka moshi nje sio shimoni. Waya usiwe na viungio vinavyogusa maji, na umeme uzimwe kabla mtu hajashuka kuhamisha pampu. Kama pesa haipo kabisa, vuta maji kwa winchi na madumu, itachukua siku nyingi ila watu watakuwa hai.

Angalia pia kompresa au bloa ya kupeleka hewa chini. Nyingi zinawekwa ubavuni mwa jenereta, mdomo wake unavuta moshi uleule na kuusukuma kwa watu walio chini, yani mnawapelekea sumu kwa bomba mkidhani ni hewa. Mdomo wa kuvutia hewa uwe mbali na bomba la moshi, upande upepo unakotokea.

Maji yakiisha usishuke hapohapo. Puliza hewa kwanza, halafu teremsha kipima gesi kwa kamba mpaka chini, kiache dakika kadhaa, oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5 na kaboni monoksaidi isizidi ppm 35 (sehemu 35 kwa milioni) kwenye kipimo. Huna kipimo na pampu ya petroli iliwaka mle ndani? Basi siku hiyo hashuki mtu. Kagua na matimba, yakilowa muda mrefu yanaoza na kuta zinalegea maji yakishaondoka. Anayeshuka avae mkanda wa kifuani uliofungwa kamba ya winchi, na mdomoni mwa duara abaki mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kuongea naye kila mara. Akinyamaza, anavutwa.

Mtu akianguka na hana kamba, najua inauma, ni ndugu yako au rafiki yako, lakini usishuke. Zima injini zote, endelea kumpelekea hewa safi, piga 114 uwaite Zimamoto na Uokoaji, na mwite kwa sauti, pengine bado anaweza kushika kamba. Anayeruhusiwa kushuka ni mwenye mtungi wake wa hewa, na kitambaa chenye maji puani hakizuii hii gesi hata kidogo.

Akitolewa mlaze penye hewa, kama hapumui mpumulishe na kumkandamiza kifua kama unajua, usimnyweshe maziwa wala kitu chochote. Mpeleke hospitali hata kama ameamka anaongea, anahitaji oksijeni, na mwambie daktari wazi kwamba amevuta moshi wa injini, maana kile kifaa cha kubana kidole kinaweza kusoma kwamba oksijeni iko sawa wakati damu imejaa ile gesi.