Soko la Krismasi la Montepulciano: anza kupanga na basi la kurudi

Soko lenyewe halina ugumu. Kinachowaharibia watu siku Montepulciano ni mlima, mawe ya njia na basi la mwisho.

Mji huu wa Toscana, Italia, uko juu ya kilima, mita 605 hivi kutoka usawa wa bahari. Vibanda vya mbao hupangwa Piazza Grande, uwanja mkuu ulio juu kileleni, kuanzia katikati ya Novemba, hasa wikendi, hadi karibu na Epifania, 6 Januari. Kama hupendi kubanana, epuka 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, maana Waitaliano wenyewe wako mapumzikoni.

Kwa treni, shuka Chiusi-Chianciano Terme, kwenye reli ya Roma–Firenze, kisha upande basi. Kituo chenye jina la Montepulciano kiko bondeni, mbali na mji. Ratiba ya basi isome kwa makini: feriale ni Jumatatu hadi Jumamosi, festivo ni Jumapili na sikukuu. Mtu huangalia safu ya feriale, akaja Jumapili, basi alilolitegemea halipo. Piga picha ratiba ya kurudi mara unaposhuka.

Ukija na gari, liache nje ya kuta. Bango jeupe la duara lenye ukingo mwekundu na herufi ZTL maana yake ni eneo la magari yenye kibali tu, na kamera hunasa namba yako. Faini huja kwa posta baada ya miezi, na kampuni ya kukodisha huongeza ada yake juu. Kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili, barabara nyingi hudai matairi ya theluji au minyororo ndani ya gari.

Kutoka lango la Porta al Prato hadi uwanjani ni mpando wa dakika 20 hadi 30. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno. Ukifika utaona uso wa kanisa kuu ni matofali matupu. Si ukarabati, haukumaliziwa tangu zamani.

Kwenye jibini la pecorino, la maziwa ya kondoo, angalia bei imeandikwa kwa kipimo gani. Neno etto ni gramu 100, kwa hiyo namba ndogo pale si bei ya kipande kizima. Omba due etti upate gramu 200. La stagionato, lililokomaa, linastahimili safari. La fresco ni laini na huharibika upesi. Sema sottovuoto wakufungie bila hewa.

Mvinyo wa hapa ni Vino Nobile di Montepulciano. Chupa iliyoandikwa Montepulciano d'Abruzzo ni ya mkoa mwingine, na hapo neno Montepulciano ni jina la aina ya zabibu. Kujipasha moto kuna vin brulè, mvinyo uliochemshwa na mdalasini na karafuu. Uonje kwanza, wengine huzidisha sukari. Chupa iweke kwenye begi la kupakiwa, maana katika viwanja vingi vya ndege mwisho wa kubeba mkononi bado ni mililita 100.

Jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na umande hufanya mawe yateleze kama sabuni. Ondoka uwanjani dakika 45 kabla ya basi, ukishuka kando ya ukuta.