Mjue Mpelelezi Wako Kabla Maiti Haijaonekana

Wengi wanaotaka kuandika hadithi ya upelelezi ya pwani, ile ya mji mdogo ambamo watu wanajuana mpaka kwa majina ya bibi zao, huanza na maiti. Kuna mtu kakutwa ufukweni alfajiri, nani kamuua? Nakuomba hiyo maiti uiweke kando kwanza. Umjue yule atakayeuliza maswali. Yeye si polisi. Hana sare, hana pingu, wala hana karatasi yenye muhuri ya kumfungulia mlango wa mtu. Basi kabla hujafikiria ana akili kiasi gani, jiulize: kazi yake ya kila siku inamfikisha wapi, mahali ambapo askari hafiki?

Mimi nilikuwa karani wa soko la samaki Pangani kabla sijaanza kuandika hadithi. Kila chombo kilichoshusha niliandika samaki gani, kilo ngapi, nani kanunua mnadani na nani kachukua kwa ahadi. Mifano yangu itatoka huko. Mpelelezi nitakayemtumia ni wa kubuni, wa kwangu mwenyewe, nimempa jina Bi Rehema, mkaanga samaki anayeuza karibu na kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Wako mweke Lamu, Bagamoyo au Kilwa Kivinje, njia ni hii hii.

Anza na kazi

Chukua karatasi uandike siku yake saa kwa saa. Bi Rehema saa kumi na mbili asubuhi yuko mnadani, kwa hiyo anajua nani ananunua kwa mkopo na nani leo kalipa deni la miezi kwa noti mpya. Kuanzia saa tano sinia lake liko mahali ambapo kila anayevuka mto hana budi kumpita. Akivuka mtu asirudi, yeye ndiye wa kwanza kujua. Jioni anapita majumbani kudai pesa zake. Na mdai wa kike haishii barazani. Anaingia mpaka uani, anakaribishwa kibao cha mbuzi akalie, anasikia watoto wanasema nini na anaona chungu gani kiko jikoni. Akienda askari kijana nyumba hiyo hiyo, wanawake watajitanda kanga na kujibu kwa kichwa.

Usiandike sifa. "Mdadisi", "mwerevu", "ana jicho kali", maneno hayo hayatakusaidia siku utakapokwama katikati ya kitabu. Ratiba itakusaidia, kwa sababu utajua alikuwa amesimama wapi kilio kilipoanza, na nini kilikuwa mbele ya macho yake.

Alama moja ya nje inatosha. Tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* kilipochapishwa mwaka 1960, wasomaji wa Kiswahili wanamkumbuka Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, pamoja na kiko chake. Ila ukimpa mtu wako kitu, kifanye kazi. Bi Rehema hana daftari. Madeni anayachora kwa makaa nyuma ya mlango wake, kila mteja na safu yake, kila siku na mstari wake. Katika hadithi yangu mlango ule ndio uliotoa jibu. Mteja mmoja aliyekula kwa mkopo kila siku ya Mungu alikuwa na pengo la siku mbili, na siku hizo mbili alidai hakutoka mjini.

Kisha elimu yake

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya pwani inapokuwa ya pwani kweli, isiwe ya mahali popote palipobandikwa minazi.

Kwa kila dalili utakayompa, uliza: hili kalijulia wapi? Mkaanga samaki hajui habari za maabara. Lakini bahari anaijua. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinachelewa kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inapita mita 3. Na siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi jioni. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Akina mama wanaotafuta pweza hawatazami jedwali lolote. Wanatazama mwezi, wanajua kesho waondoke nyumbani saa ngapi.

Sasa mlete mshukiwa wako. Anasema siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, mwezi ukiwa mpevu, saa nne asubuhi, alipitisha mashua juu ya mwamba akakata njia kuelekea mjini. Polisi anaandika. Bi Rehema anageuza samaki kwenye kikaango. Saa ile mwamba ulikuwa mkavu, na mashoga zake walikuwa wamesimama juu yake na vijiti vyao vya pweza. Hahitaji kueleza kitu kwa msomaji wakati huo. Mwache ageuze samaki, jibu lije sura tatu mbele.

Au mchukue mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafaa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu ya kukusanya samaki, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa siku hizo wako nchi kavu, wanashona nyavu na kulala. Mtu atakayesema usiku wa mbalamwezi alikuwa kwenye dagaa, amedanganya mbele ya mji mzima, na ni mgeni tu asiyejua. Ndiyo sababu napenda askari katika hadithi hizi awe kijana kutoka bara. Namheshimu, simfanyi mjinga. Anajua sheria kuliko wote, ila mwezi hajausoma.

Na kuna bunju. Kila mtu wa pwani anamjua samaki huyu anayevimba, na anajua ana sumu, hasa ini na mayai, na kwamba kumpika hakuondoi sumu. Aliyemla huanza kufa ganzi midomo na ulimi. Ukimuua mtu wako kwa bunju, wapelelezi wa kitabuni watauliza sumu imetoka wapi. Bi Rehema atauliza jingine: nani alimtengeneza samaki huyu? Mpishi wa hapa hawezi kusema alimdhania changu. Swali kama hilo linatoka mikononi mwake, kwenye miaka yote ya kupara magamba, na msomaji ataliamini bila kushawishiwa.

Pepo nazo usizisahau. Kusi likikaza, mnamo Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo siku nyingine havitoki, samaki wanapanda bei, watu wanakopana na kugombana. Kaskazi hali ni nyingine kabisa. Chagua msimu kabla ya kuchagua muuaji.

Nani anamruhusu aulize

Pwani huulizi tu. Unaamkia kwanza, unauliza hali ya nyumbani, unakaa. Kwa hiyo mjue mpelelezi wako kwa kujua anamwitaje kila mtu na kila mtu anamwitaje yeye. Hivi ndivyo Bi Rehema na askari wanavyokutana mara ya kwanza:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Niko kazini, bibi."

"Kazi hailiwi. Kaa hapo."

Baada ya marahaba ile, kijana hawezi tena kumfokea. Naye Bi Rehema hawezi kumuumbua kijana mbele za watu, maana amekwisha kumwita mwanangu. Kila alichokigundua itabidi ampe kwa njia ya kumstahi, labda kwa swali, labda kwa kumtuma akaangalie jambo fulani mwenyewe. Nilipoielewa heshima hii ya pande mbili, mazungumzo yao yote katika kitabu yaliandikika.

Msibani kuna mtu mwingine wa thamani: mtani. Watani hufanya mambo ambayo mwingine akiyafanya atafukuzwa. Mtani anaweza kulala mahali pa kulaza maiti, akaigiza mwendo wa marehemu, akasema mbele ya wafiwa kwamba marehemu alikuwa bahili na madeni yake ayalipe nani. Watu wanacheka huku wanalia. Swali ambalo Bi Rehema hathubutu kuliuliza, anamnong'oneza mtani wa ukoo ule, kisha anakaa pembeni na wanawake wenzake anatazama ni nani kati ya waombolezaji hakucheka. Mwandishi wa pwani aliyepewa nafasi kama hii asiipoteze kwa kumfanya mpelelezi wake achungulie dirishani.

Siri ambayo haitoi

Nimemwekea Bi Rehema kazi nyingine isiyo na malipo. Akifa mwanamke mtaani, yeye ni mmoja wa wanaoitwa kuosha. Nilisita kuliweka jambo hili, kwa sababu hadithi hizi zinapendwa kwa upole wake, na chumba cha kuoshea maiti ni kizito. Lakini ndipo nilipomjua.

Muosha maiti anaona mwili kuliko mtu yeyote, na dini inamtaka asitiri aibu aliyoiona. Ni amana. Mazishi yetu nayo hayangoji. Aliyefariki usiku huenda akazikwa adhuhuri. Katika hadithi yangu Bi Rehema anaona alama za vidole kwenye mkono wa marehemu, huku wanaume nje wameshaanza kuchimba kaburi. Je, alama ya kudhulumiwa ni aibu ya marehemu ya kusitiriwa, au ni haki yake ya kudaiwa? Polisi wakijua, mwili utapelekwa kwa daktari, mazishi yatachelewa, na familia nzima itamwona yeye ndiye mchawi wa jambo.

Nilimpeleka kwa dada mkubwa wa marehemu kwanza. Hakumweleza alichokiona. Alimwomba aingie ndani amuage mdogo wake, akaushika ule mkono akaugeuza polepole ili dada aone kwa macho yake. Aliyetoka nje kusimamisha mazishi alikuwa dada. Mwandishi mwingine angempeleka moja kwa moja kituoni, naye angekuwa sahihi, ila angekuwa anaandika habari za mtu mwingine. Mtafutie wako siri ya namna hii: ya mteja, ya mgonjwa, ya mwanafunzi, ya aliyemkopesha. Usimwondolee uzito wake haraka.

Udhaifu pia mpe, mmoja wa kweli. Bi Rehema ana mtoto wa dada yake anayemkopesha bila kuchora mstari mlangoni. Inatosha.

Kumjaribu

Ukishakuwa na ratiba, elimu, majina ya kuitana na siri, andika kurasa mbili za siku ambayo hakuna kilichotokea. Ananunua, anakaanga, anauza, anadai, analala. Hakuna maiti, hakuna mgeni wa ajabu. Ukiona kurasa zinakuchosha wewe mwenyewe, bado hujamjua. Rudi sokoni, au popote anapofanyia kazi, ukae kimya utazame mikono ya watu. Ukiona unataka kuendelea, basi tayari.

Kisha zichapishe kurasa hizo umpelekee mtu anayefanya kazi ile ile. Mkaanga samaki akisoma, au ukimsomea, angalia anapokukatiza. Atakwambia mafuta hayawekwi hivyo, nguru hakatwi hivyo, saa hiyo yeye angekuwa ameshamaliza kuuza. Andika kila alilosema, urekebishe usiku ule ule, na ndipo uilete maiti ufukweni, ukiwa umeshaangalia mwezi ni wa ngapi.